Siku ya Sita ya Bi Mwamvua

Kwa mpishi wa shughuli hakuna mwezi mgumu kama Mfunguo Mosi. Ramadhani nzima Waislamu hawaoani. Wachumba wanasubiri, mahari imeshapelekwa, nguo zimeshonwa, turubai limeshalipiwa. Idi ikipita tu, watu wanaoana kwa mkupuo, Jumamosi hii harusi mbili, Jumamosi ijayo tatu, na kila harusi inataka pilau. Na pilau ya maana, kuanzia Songea mjini mpaka Namtumbo, inapikwa na mtu mmoja: Bi Mwamvua Saidi, mzaliwa wa Mbesa kule Tunduru, mjane wa miaka hamsini na minne, mwenye viganja vigumu ambavyo vinaweza kushika kaa la moto na kulirudisha jikoni bila haraka.

Na mwezi huohuo ndio wenye siku sita.

Mwislamu aliyefunga Ramadhani, kisha akaifuatisha na siku sita za Mfunguo Mosi kwa hiari yake, anahesabiwa kama aliyefunga mwaka mzima. Bi Mwamvua hukueleza kwa vidole vyake vyenye manjano: jema moja hulipwa mara kumi, kwa hiyo siku thelathini ni mia tatu, na siku sita ni sitini, jumlisha mwenyewe. Si faradhi. Asiyezifunga hana dhambi, na hakuna atakayemuuliza. Lakini kwa miaka kumi na tisa, tangu aanze kupikia watu, Bi Mwamvua hakuwahi kuzitimiza. Mwaka mmoja alifika mbili, mwingine nne. Kila mara harusi ilimwangusha. Mama wa bwana harusi alimkaba na sahani mpaka akaona aibu kukataa, au jua na moshi vilimlaza chini, akaamka watu wakimnywesha maji ya sukari.

Mwaka huu alikuwa na tano.

Mimi si mtu wa kukaa mahali. Nilifika Songea siku ya Jumatano nikiwa na nia ya kulala usiku mmoja tu, kisha nipande basi la Tunduru. Alhamisi asubuhi nilikuwa napita Ruhuwiko na begi langu begani, ndipo harufu ya binzari nyembamba ikikaangwa iliponishika. Nimenusa viungo vikikaangwa katika miji mingi na kuuliza bei yake kwa lugha nyingi, lakini ile harufu ilikuwa na mtu ndani yake. Niliifuata mpaka uani kwa Azizi Mtalika, mfanyabiashara wa korosho kutoka Tunduru, ambaye binti yake Nasrin angeolewa Jumamosi. Pale niliwakuta wanawake wawili wakibishana juu ya karafuu. Tiketi yangu ilipotea hapo.

Mmoja alikuwa Bi Mwamvua. Mwingine alikuwa Adela, msaidizi wake, Mkatoliki wa Matogoro, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Adela ndiye aliyeniambia siri, tena kabla hatujafahamiana vizuri.

"Unamwona huyu?" alisema. "Kila Jumatatu na Alhamisi hali. Tarehe kumi na tatu, kumi na nne na kumi na tano za mwezi wao hali. Na anapika! Mimi ndio ulimi wake. Naonja mimi, yeye anauliza tu, 'Vipi?' Miaka kumi na moja namwambia vipi."

"Adela," alisema Bi Mwamvua bila kugeuka, "mdomo wako ungekuwa sufuria ungeshatuunguzia mji."

"Huyu ni mgeni, dada. Kesho hayupo."

"Mgeni ndiye anayetembea na habari."

Baadaye, nilipomwomba ruhusa ya kuandika haya, alisema niandike, ila nisimpambe. Nimejitahidi.

Jumamosi ile nilifika uani alfajiri, ukungu ungali chini. Sufuria nne kubwa zilikuwa zimekaa juu ya mawe, kuni zimepangwa, na Bi Mwamvua alikuwa akizizunguka kama kocha anayekagua wachezaji kabla ya fainali. Aliponiona alitabasamu kwa uso mzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo ndiyo leo, mgeni! Alhamisi ilikuwa ya nne, jana ya tano. Leo tarehe ishirini na tisa ya mwezi. Jioni mwezi ukiandama, Mfunguo Mosi umetuaga. Leo ni ya sita, na sina nyingine."

"Ukianguka leo, mimi sikubebi," Adela alisema akiwa amejaza vitunguu kwenye beseni. "Nina mgongo."

"Nikianguka nifunike na turubai, watu wale kwanza."

Wakacheka, wakaanza kazi. Ni kazi gani ile! Nyama kilo themanini, mchele kilo mia. Mafuta yalipopata moto, vitunguu vikaingia kwa mlio kama mvua juu ya bati, na kuanzia hapo hakuna aliyesimama. Bi Mwamvua alikuwa akienda sufuria hadi sufuria na mwiko mrefu kama kafi, akisikiliza. Ndiyo, akisikiliza. Kitunguu kinachokaribia kuungua kina sauti yake, alisema, na nyama iliyoanza kulainika inagonga sufuria kwa namna nyingine. Alikuwa ameinama kwenye mvuke ule, tumbo tupu tangu daku, na macho yake yaling'aa.

Nilimuuliza kwa nini haonji. Nilikuwa nimesikia kwamba mpishi anaruhusiwa kugusisha chakula kwenye ncha ya ulimi akatema.

"Anaruhusiwa. Lakini mimi najijua. Nikigusa nitataka kumeza." Alifuta jasho kwa upande wa mkono. "Sikiliza, mgeni. Ramadhani nafunga kwa sababu nimeamriwa, na wenzangu wote wamefunga. Hata ukitaka kula, utakula wapi? Utaona haya. Hii ya leo hakuna anayeijua ila Mungu na huyu Adela mwenye kipaza sauti. Naweza kufungua sasa hivi, sufuria hii hapa, nyama hii hapa, na nisipate hata dhambi moja. Kwa hiyo kila saa naulizwa upya: Mwamvua, bado unataka? Na kila saa najibu, nataka! Unaielewa hiyo raha? Ni kama kuposwa kila saa."

"Kwa umri huo?" Adela alisema.

"Kwa umri huuhuu!"

Supu ya kwanza ilipochemka, Adela alichota kwa kijiko, akapuliza, akaonja, akatazama juu.

"Vipi?"

"Chumvi inaitwa lakini haijafika."

Bi Mwamvua akaongeza nusu konzi. Adela akaonja tena, akagonga kijiko ukingoni, na mchele ukaingia.

Saa nne na nusu Azizi alikuja jikoni mbio, kanzu imekunjwa mkononi, kofia imekaa upande.

"Bi Mwamvua! Amekuja! Shemeji amekuja!"

Mwiko ulisimama. Hata mimi, niliyekuwa pale siku tatu tu, nilijua uzito wa habari hiyo. Mama Nasrin, mke wa Azizi, alizaliwa Mkatoliki upande wa Namtumbo. Alipobadili dini na kuolewa na Myao wa Tunduru, kaka yake mkubwa, Mzee Polikarp, alisema hatakanyaga nyumba ile. Hakuikanyaga kwa miaka ishirini na tano. Walipozaliwa watoto hakuja, na walipozika hakuja. Mwezi uliopita Nasrin mwenyewe alipanda gari mpaka Namtumbo, akapiga magoti mbele ya mjomba wake, akamwomba ahudhurie. Mzee hakumwahidi kitu. Sasa alikuwa amekaa chini ya turubai, koti jeusi, kofia ya pama mapajani.

"Amesema nini?" aliuliza Bi Mwamvua.

"Amesema 'Mnaendeleaje.' Basi. Dada yake analia huko ndani tangu amwone. Bi Mwamvua, pilau ya leo..."

"Pilau ya leo niachie mimi. Wewe kavae kofia yako vizuri."

Ndoa ilifungwa, Adhuhuri ikasaliwa, na saa nane masinia yakatoka. Sufuria ya tatu ilipofunuliwa, nilisikia watu wa turubai lote wakivuta pumzi. Bi Mwamvua alikuwa amesimama kwenye pembe ya ua, mikono imefungwa kwa kanga, akiwatazama watu wanavyopeleka matonge kinywani. Zilikuwa zimebaki saa nne na dakika chache. Midomo yake ilikuwa mikavu, lakini alikuwa akichezesha vidole vya miguu kama msichana.

Kisha tukaona sinia moja haliguswi.

Mzee Polikarp alikuwa amenawa mikono, ameiweka magotini, na anaitazama pilau. Watu waliokaa naye nao wakaacha kula.

"Shemeji, karibu," Azizi alisema. "Karibu sana."

"Nani kapika?"

"Bi Mwamvua. Mpishi wetu mkubwa hapa Songea."

"Aje aitoe sumu."

Wageni wa mbali walitazamana, lakini watu wa kule walielewa. Kwao mtu akikukaribisha kinywaji au chakula cha shughuli, aliyekitengeneza anaonja kwanza mbele yako, ndipo unakula kwa moyo mweupe. Kwa kawaida hufanywa kwa mzaha. Mzee Polikarp hakuwa na mzaha.

"Nitaonja mimi, shemeji," Azizi alisema, akinyoosha mkono.

"Wewe mwenye nyumba. Mwenye nyumba anajua nini kilichomo jikoni?"

"Basi mimi!" Adela alikuwa ameshafika katikati ya turubai. "Mimi nimeonja tangu alfajiri, babu, na niko hai, na nimenenepa."

"Wewe ni wa Matogoro, nakuona. Tumbo la kwetu halidhuriki na kitu." Watu wakacheka kidogo, yeye hakucheka. "Nimeingia nyumba hii mara ya kwanza. Nitakula kwa utaratibu wetu. Aliyeshika mwiko aonje."

Bi Mwamvua alikuwa ameshasogea. Nilimwona anafungua mdomo. Adela hakuweza kuvumilia.

"Amefunga!"

"Kafunga?" Mzee alimgeukia taratibu. "Idi yenu mmekula mwezi mzima uliopita. Ngoma tulizisikia. Mfungo gani huu unaoanza saa ya mimi kula?"

Hapo kicheko kilitoka kwa watu wengi, kisha kikakatika ghafla, kwa sababu mzee alikuwa ameokota kofia yake. Mama Nasrin alikuwa amesimama kwenye nguzo ya turubai, ncha ya kanga katikati ya meno. Nasrin, katika mapambo yake yote, alikuwa ameinuka nusu kwenye kiti.

Nilimtazama Bi Mwamvua. Hakumtazama mzee. Alimtazama dada wa mzee, pale kwenye nguzo, kwa muda wa pumzi mbili. Kisha akavuta kigoda, akakaa mbele ya sinia, akakunja mkono wa gauni na kunawa.

"Sogea, mzee. Bismillahi."

Hakuonja. Alikula. Alifinyanga tonge kubwa lenye nyama na zabibu, akalipeleka mdomoni, akatafuna macho wazi. Akala la pili. Akala la tatu. Turubai lote lilikuwa linamtazama, na nyuma yangu nilisikia Adela akinung'unika kwa Kingoni maneno ambayo nayajua nusu, na nusu hiyo haiandikiki.

"Sasa na wewe," Bi Mwamvua alisema. "Au unataka nikutolee sumu sinia zima?"

Kicheko kililipuka, na mzee akaweka kofia chini. Akatia mkono, akala. Akala tena. Watu walirudi kwenye masinia yao wakipiga kelele mara mbili ya mwanzo, kwa namna watu wanavyopiga kelele baada ya gari kukwepa mtaro. Mama Nasrin alikuja, akapiga magoti kando ya kaka yake, akammiminia maji kwenye bilauri. Mzee aliipokea bilauri kwa mikono miwili. Aliishika kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji bilauri ya maji.

Sinia lilipofika nusu, alisema, "Mama."

"Naam."

"Unakula kama mtu aliyefunga."

"Nilikuwa nimefunga."

Mkono wa mzee ulisimama.

"Kweli?"

"Kweli. Si ule wa lazima. Huu ni wa hiari, na Mtume wetu ametufundisha kwamba aliyefunga kwa hiari ndiye mwenye amri ya nafsi yake. Akitaka ataendelea, akitaka atafungua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Umeambiwa. Hukuamini."

"Ungenieleza vizuri, ningeacha kukusumbua."

"Ungeacha na chakula pia, mzee wangu, ukavaa kofia yako. Kula, inapoa."

Mzee Polikarp alicheka kwa mara ya kwanza, kicheko kibovu kama injini iliyolala nje kipindi chote cha mvua. "Mimi Kwaresima hii niliacha ulanzi," alisema. "Siku thelathini na nane. Ya thelathini na tisa akaja jirani yangu Beda na dumu, akasema mwanawe amepata kazi. Ningefanya nini? Nikanywa. Padre nilimwambia. Mke wangu bado sijamwambia." Kisha akamtazama Bi Mwamvua. "Ilikuuma?"

"Itaniuma baadaye," alisema Bi Mwamvua. "Sasa hivi chakula ni kitamu mno."

Ilimuuma nyuma ya jiko, nusu saa baadaye. Nilikwenda kuwasaidia kubeba sufuria, nikawakuta. Adela ndiye aliyekuwa analia, kwa hasira.

"Saa nne tu, dada! Miaka kumi na tisa, na saa nne zimebaki! Kwa ajili ya mzee mwenye kofia!"

Bi Mwamvua alikuwa ameshika ndoo ya maji, anajimwagia usoni kwa kiganja, tena na tena. "Sijasema hainiumi," alisema. "Naitamani ile ya sita mpaka meno yananiuma. Lakini nikae kimya niitimize, kaka na dada waachane tena mbele yangu, halafu jioni nifungue tende yangu niseme nini? Ee Mola, pokea hii, niliinunua kwa udugu wa watu?" Akaweka ndoo chini. "Tena nikwambie kitu. Tangu Alhamisi nilikuwa nahesabu kuliko kuomba. Asubuhi nimeamka kitu cha kwanza nimesema 'ya sita,' hata jina la Mungu sijalitaja. Hiyo nayo ni njaa, Adela. Nayo ilitakiwa kufungwa."

Adela alipenga kamasi, akakaa juu ya kuni. Kisha akainua uso.

"Dada. Mwezi wenu una siku ngapi?"

"Ishirini na tisa. Au thelathini."

"Inajulikanaje?"

"Jioni ya tarehe ishirini na tisa unatazama. Mwezi ukionekana, umekwisha. Usipoonekana, kesho ni..."

Hakumaliza. Walitazamana, kisha Adela akaruka juu ya kuni kama aliyekalia moto.

Nimewahi kusimama na watu wanaotazamia mwezi wa Idi katika nchi tatu, na najua shangwe ya mamia ya watu wanaotamani kuuona. Sijawahi kuona watu wakitamani usiwepo. Magharibi ile, waliokuwa wamebaki kwenye shughuli walitoka mbele ya nyumba kwa Azizi, mahali ambapo barabara inapanda na anga la upande wa Mbinga liko wazi. Mwezi wa Mfunguo Pili haufuatiliwi na mtu. Hauna Idi wala mfungo. Lakini habari ilikuwa imezunguka chini ya turubai. Adela alikuwa amehakikisha hilo. Hata Mzee Polikarp, aliyetakiwa kurudi Namtumbo na gari la saa kumi, alikataa kuondoka. Alipandishwa kwenye benchi, dada yake akimshika koti kwa nyuma asianguke, kofia imeinuliwa juu ya macho.

Jua lilizama kwenye mawingu ya mwisho wa masika. Upande wa kushoto palikuwa na uwazi mwekundu, mwembamba kama mfuniko uliokaa vibaya.

"Siuoni!" Mzee alipiga kelele. "Siuoni! Na mimi macho yangu ni mazuri, nikiwa Namtumbo naona mbuzi wa mtu kilimani!"

"Babu, hata ukiuona usiseme!" Adela alisema.

"La!" Bi Mwamvua alikuwa ameswali, ametoka na kanga yake ya swala bado kichwani. Alisema kwa ukali, huku anacheka. "Akiuona aseme. Siwezi kumwibia Mungu siku."

Basi tukatazama kwa haki. Wingu lilisogea, watu wakashika pumzi, na kijana mmoja wa upande wa bwana harusi akasema anaona kitu. Kumbe ni taa ya mnara wa simu. Walimzomea mpaka akaingia ndani. Dakika kumi zikapita. Kumi na tano. Uwazi ule ulizibika.

Azizi alikuwa na simu sikioni. Tunduru mjini, binamu yake alisema jirani yake ameuona, mwembamba kama ukucha. Mbesa walisema huko kulikuwa na wingu tupu. Akampigia shekhe mmoja wa mjini, ambaye alishangaa sana kuulizwa, akasema hajapata habari ya uhakika, na kwani kuna nini?

"Kwa hiyo?" Adela aliuliza.

Azizi alitia simu mfukoni. Mama Nasrin alimsaidia kaka yake kushuka kwenye benchi, akamwambia kwamba kitanda chake kimetandikwa. Na mzee, ambaye hakuwahi kulala nyumba ile, akauliza tu kama kuna blanketi la pili, maana Ruhuwiko kuna baridi.

Jumapili asubuhi nilikwenda kuaga. Nilimkuta Bi Mwamvua peke yake uani kwake, amepanga sufuria nne juani, anazisugua kwa mchanga na majivu, anaimba kaswida kwa sauti ya chini isiyofuata mpigo. Alinikaribisha chai na pilau ya jana iliyopashwa moto. Aliniandalia sahani moja.

"Wewe je?"

Alitingisha kichwa, na ule uso wa jana alfajiri ukarudi wote.

"Umefunga! Kwa hiyo mwezi haukuandama? Leo ni ya sita?"

"Sijui!" alisema, na akapiga sufuria kwa kiganja. "Sijui, mgeni, na hakuna anayejua! Nimeamka daku, nikataka kutia nia, nikasema nitie nia gani? Nikasema, Mola wangu, kama leo ni thelathini, hii ndiyo ile ya sita. Na kama mwezi wako umeshaandama, basi hii haina namba, ni yako tu. Nikanywa uji wangu." Alicheka mpaka akakaa chini. "Miaka yote hii sijawahi kufunga bila kujua ni ya ngapi. Ni tamu! Jana nilikuwa nimebeba siku kama mtu amebeba trei la mayai. Leo nimebeba nini? Hakuna cha kuvunja!"

Nilikuwa natafuna nyama yake mbele yake kwa aibu kidogo. Yeye alinisukumia pilipili.

Adela aliingia akitoka misa ya kwanza, vitenge vya Jumapili, viatu mkononi kwa sababu ya tope, na habari mdomoni kama kawaida.

"Dada! Yule mzee wako!"

"Amefanya nini tena?"

"Nimekutana naye kanisani, amekuja na dada yake amemsindikiza mpaka mlangoni. Mlangoni, dada, na ushungi wake, amekaa nje amemsubiri mpaka misa imekwisha! Halafu kwa Azizi wamemwandalia chai, chapati, mayai, amekataa. Anasema leo anafunga na yule mama mpishi."

"Jumapili? Nyinyi si hamfungi Jumapili?"

"Nimemwambia! Nimemwambia, babu, leo ni siku ya Bwana, mfungo wa wapi? Akasema basi atafunga mpaka saa nne tu, gari la Namtumbo likifika atakula ndizi."

Bi Mwamvua aliweka kiganja mdomoni. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na sikujua mara moja kama ni kicheko. Kilikuwa kicheko, na macho yake yalikuwa yamejaa.

"Sasa hivi saa ngapi?" aliuliza.

Nilitazama simu. "Saa tatu na nusu."

"Jamani, bado nusu saa. Maskini mzee wa watu." Akachota majivu mengine, akaivuta sufuria ya pili kwake. "Na mimi?"

"Mpaka magharibi. Bado saa nane na nusu na zaidi."

"Nyingi," alisema kwa furaha tupu, akaanza kusugua.